Wakubwa wa benki na pesa za mlipa ushuru: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Huku magharibi mwa Kenya neno "kuokoa" tumelizoea kwa viwanda vya sukari kuliko kwa benki. Lakini maswali yanayoulizwa kwenye kiwanda cha Mumias kuhusu pesa za serikali ndiyo yale yale ambayo watu wa Marekani na Uingereza waliuliza mwaka 2008, benki zao zilipookolewa: nani alizila, nani alilipwa, na kwa nini waliozamisha jahazi walishuka wakiwa wakavu. Majibu yaliyo hapa chini yameandikwa kwa wasomaji wa Kisumu, Nakuru, Kakamega na majirani zao. Takwimu za ng'ambo tumezitumia kwa sababu huko ndiko masharti ya malipo yalijaribiwa kwa upana zaidi, yakafaulu mahali na kukwama mahali.

Benki "kuokolewa kwa pesa za umma" ni kusema nini?

Ni kusema hasara ambayo ingewaangukia wenye benki, waliowakopesha na wenye amana, imebebwa kwa sehemu na Hazina ya Kitaifa. Wengi hudhani lazima iwe hundi moja kubwa inayokabidhiwa mbele ya kamera. Mara nyingi haiji hivyo. Serikali yaweza kununua hisa mpya, jinsi Uingereza ilivyofanya na Royal Bank of Scotland, yaani RBS, kwa pauni bilioni 45.5. Yaweza kudhamini madeni ya benki. Benki kuu yaweza kuikopesha benki siku ambayo hakuna mwingine anayekubali kuikopesha. Na kuna njia ambayo Kenya inaijua vizuri zaidi: serikali kulipa mikopo ambayo mashirika yake yalichukua yakashindwa kurudisha.

Fidia ya shirika la bima ya amana, KDIC, si uokoaji wa aina hii. Mfuko wake hujazwa na michango ya benki zenyewe.

Kenya imewahi kufanya hivyo?

Imewahi, zaidi ya mara moja. Desemba 1989 Consolidated Bank iliundwa kwa kuunganisha taasisi tisa za fedha zilizokuwa zimeshindwa kujiendesha, na serikali ikawa mwenyehisa wake mkuu. National Bank nayo mwaka 1998 ilikimbiwa na wenye amana. Tumbo lake lilikuwa limejaa mikopo ya mashirika ya serikali na ya watu wazito, isiyolipwa. Mwaka 2007 serikali iliipa hatifungani za Sh20 bilioni kuziba madeni yaliyokuwa na mkono wa serikali. Ukisikia mtu akisema National Bank haikuwahi kupewa pesa taslimu, yuko sawa kwa nusu. Hatifungani ni ahadi ya Hazina kulipa, na Hazina hulipa kutoka kwa kodi.

Kabla benki ya KCB haijainunua benki hiyo mwaka 2019, NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni ya wafanyakazi, ilikuwa na karibu asilimia 48 ya hisa zake za kawaida na Hazina asilimia 22.5. Kwa hiyo mfanyakazi wa kiwanda cha Nakuru aliyekuwa akikatwa NSSF kila mwezi alikuwa mmoja wa wenye benki ile, ajue asijue.

Dubai Bank na Imperial mwaka 2015, na Chase Aprili 7, 2016, zilikwenda njia nyingine: zilifungwa na kuwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayekabidhiwa kampuni iliyoshindwa na madeni. Chase ilifunguliwa tena Aprili 27 chini ya usimamizi wa KCB, mteja akiruhusiwa kutoa hadi Sh1 milioni. Aliyekuwa na zaidi alingoja hadi Agosti 2018, benki ya SBM ilipochukua asilimia 75 ya amana zilizokuwa zimezuiliwa.

Kwa nini mkubwa apewe bonasi na benki imezama?

Kwa sababu bonasi nyingi huandikwa kwenye mkataba kabla benki haijazama, na mkataba haufi kwa sababu serikali imeingia mlangoni. Mfano unaojulikana zaidi ni AIG ya Marekani, ambayo ni kampuni ya bima lakini ilizamishwa na kitengo chake kilichokuwa kikicheza michezo ya kibenki. Mikataba ya kuwabakiza wafanyakazi wa kitengo hicho ilitiwa saini mwanzoni mwa 2008. Serikali ikaingia Septemba mwaka huo. Machi 2009 ikalipwa bonasi ya takriban dola milioni 165 kwa watu wa kitengo kile kile, wakati msaada ulioahidiwa kampuni nzima ulikuwa umefika dola bilioni 182 hivi.

Wamarekani waliwaka. Machi 19, 2009, Bunge la Wawakilishi lilipitisha kwa kura 328 dhidi ya 93 mswada wa kuzitoza bonasi za aina hiyo kodi ya asilimia 90. Seneti haikuushughulikia, ukafia hapo. Baadhi ya waliolipwa walikubali kurudisha, kwa aibu na shinikizo. Sheria haikuwalazimisha.

Kosa lilikuwa la Septemba, si la Machi. Siku ya kuokoa, serikali ndiyo mwenye nguvu zote: benki haina pa kwenda, na mkubwa akiambiwa "acha bonasi yako ndipo hundi itoke", ataacha. Wiki moja baadaye, hundi ikishaingia, anayeshikilia karatasi ni yeye.

Kuna ujanja gani mwingine wa kuwahi kalenda?

Merrill Lynch, benki ya uwekezaji ya Marekani. Kwa kawaida ililipa bonasi mwezi Januari. Mwaka 2008 ilizilipa Desemba, dola bilioni 3.6, siku chache kabla Bank of America haijakamilisha kuinunua, na mwaka huo ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 27. Ukitaka kujua kama malipo yamewahishwa, linganisha tarehe ya kulipa mwaka huu na ya miaka mitatu iliyopita. Hiyo pekee hukuambia mengi.

Serikali ikishatia pesa, si iweke tu kikomo cha mshahara?

Inaweza, na imefanyika. Ujerumani iliweka euro 500,000 kwa mwaka kwa wakuu wa benki zilizochukua pesa za mfuko wake wa uokoaji. Marekani ilitangaza dola 500,000 Februari 2009. Lakini sheria iliyopitishwa baadaye mwezi huohuo haikuugusa sana mshahara. Ililenga bonasi, na kwa maoni yetu hapo ilikuwa na akili zaidi. Mambo yake makuu yalikuwa haya. Bonasi isizidi theluthi moja ya malipo yote ya mwaka. Ilipwe kwa hisa, si kwa pesa taslimu, na hisa zenyewe zisikabidhiwe kikamilifu kabla benki haijarudisha pesa za serikali. Wakuu watano na wengine watano wanaofuata wasipewe chochote cha kuagana wanapoondoka. Bonasi iliyolipwa kwa hesabu za uongo irudishwe. Na wenyehisa wapigie kura malipo hayo kila mwaka, ingawa kura hiyo haikuilazimisha bodi.

Walioguswa walitegemea ukubwa wa msaada. Benki iliyopata chini ya dola milioni 25, kikomo cha bonasi kilimgusa mtu mmoja tu, yule anayelipwa kuliko wote. Kuanzia milioni 25 hadi chini ya 250, watano. Kuanzia 250 hadi chini ya 500, wakuu watano na wengine kumi. Kuanzia milioni 500 kwenda juu, wakuu watano na wengine ishirini. Mpangilio huu unafaa kuigwa, maana kuweka masharti sawa kwa benki ya mtaa na kwa Citigroup ni kupoteza wakati wa kila mtu.

Theluthi moja ya malipo yote inahesabiwaje?

Hapa watu hukosea sana, hata wanaopaswa kujua. Tuseme mkurugenzi mkuu ana mshahara na marupurupu ya Sh30 milioni kwa mwaka. Wengi hugawa 30 kwa tatu na kusema bonasi isizidi 10. Si hivyo. Malipo yote yanajumlisha bonasi yenyewe. Akipewa bonasi ya 15, jumla ni 45, na 15 ni theluthi ya 45. Kwa hiyo kikomo ni Sh15 milioni, yaani nusu ya hicho kingine anacholipwa.

Sasa ona tundu lilipo. Akitaka bonasi ya milioni 20 na sheria inasema 15, hahitaji kuivunja sheria. Anaiomba bodi imwongeze mshahara kutoka 30 hadi 40. Bonasi halali sasa ni 20, na jumla imepanda kutoka 45 hadi 60. Kikomo kimefuatwa neno kwa neno, na mlipa ushuru amelipa zaidi. Hili si la kuwaza tu: benki za Marekani zilipandisha mishahara ya msingi baada ya sheria ile. Dawa ni kufunga pande zote mbili siku moja, mshahara usipande hadi deni la umma liishe.

Masharti hayo yalifanya kazi?

Yalifanya kazi kwa namna ambayo wengi hawakuitarajia: benki zilikimbia kulipa. Juni 2009 benki kumi, zikiwemo JPMorgan Chase, Goldman Sachs na Morgan Stanley, ziliruhusiwa kurudisha dola bilioni 68, miezi minane tu tangu zipokee. Kutaka kuwa huru na masharti ya malipo kulikuwa sehemu ya haraka hiyo. Kwa mlipa ushuru ni habari njema ikiwa benki imepona kweli. Ikirudisha pesa kwa kujikamua hadi mtaji wake ukakonda, mbio hizo ni hatari.

Kwa kampuni saba zilizopata msaada wa kipekee, miongoni mwao AIG, Citigroup, Bank of America na General Motors, Juni 2009 aliteuliwa msimamizi maalum, wakili Kenneth Feinberg. Alipanga malipo ya watu 25 wa juu katika kila kampuni, jina kwa jina. Oktoba mwaka huo alikata pesa taslimu za watu hao kwa takriban asilimia 90 na malipo yote kwa zaidi ya nusu, na sehemu kubwa ya kilichobaki akaigeuza hisa za kushikiliwa kwa muda mrefu.

Wakikatwa, si wazuri watahama na benki ife kabisa?

Hoja hii huletwa kila mara na haifai kupuuzwa, ila haifai pia kumezwa nzima. Anayejua kufungua fundo la mikopo mibovu ana soko, kweli. Aliyelifunga hana soko kubwa hivyo, na benki yake ikiwa kwenye magazeti kila siku simu huwa hazilii sana. Tenganisha watu hawa wawili. Mtu mpya anayeletwa kusafisha alipwe bei ya soko, sehemu kubwa kwa hisa zitakazokuwa na thamani ikiwa tu benki itapona. Hata hivyo usitarajie umma utulie. Stephen Hester aliletwa kuisafisha RBS, na Januari 2012 kelele zilimfanya aache bonasi ya hisa ya pauni 963,000 ingawa si yeye aliyeizamisha.

Na pensheni, na kiinua mgongo?

Hapa ndipo pesa kubwa hupita bila mtu kuziona, kwa sababu macho yote yako kwa mshahara. Fred Goodwin aliiongoza RBS hadi ikaokolewa Oktoba 2008. Aliondoka akiwa na miaka 50. Aliyestaafu mapema kwa hiari yake angekatiwa pensheni kwa miaka ambayo hajafikisha. Aliyeombwa na mwajiri aondoke, chini ya kanuni za mfuko ule, hakukatwa. Bodi ikamweka kwenye kundi la pili. Pensheni ikawa pauni 703,000 kwa mwaka, maisha yake yote. Umma ulifahamu Februari 2009, serikali ikiwa tayari ndiyo mwenye benki. Baada ya miezi ya mvutano alikubali, Juni 2009, ipunguzwe hadi pauni 342,500. Mwaka 2012 alivuliwa heshima ya "Sir".

Soma tena hapo kati. Hakuna aliyevunja sheria wala kuiba. Ni neno moja kwenye fomu, "ameombwa" badala ya "ameomba". Anayeandika masharti ya uokoaji lazima aulize mapema: mtu huyu anaondoka kwa kundi gani, na nani anaamua?

Serikali ya Uingereza iliuza hisa zake za mwisho katika benki hiyo, ambayo sasa huitwa NatWest, Mei 30, 2025. Miaka kumi na saba karibu, na kwa hasara.

Bonasi iliyokwisha kulipwa inaweza kurudishwa?

Ikiwa mkataba unasema hivyo, ndiyo. Ikiwa hausemi, jiandae kwa kesi ndefu. Ndiyo maana mwaka 2009 baraza la kimataifa la uthabiti wa fedha, FSB, lilipendekeza asilimia 40 hadi 60 ya bonasi ya wakuu wa benki kubwa icheleweshwe kwa miaka isiyopungua mitatu, na zaidi ya nusu yake iwe hisa. Kumnyima mtu pesa ambayo hajaishika ni rahisi kuliko kumdai aliyokwisha jengea nyumba.

Hapa kwetu nani hupanga mshahara wa mkuu wa benki?

Inategemea benki ni ya nani. Benki ya kibinafsi au iliyo kwenye soko la hisa, hata serikali ikiwa na sehemu ndogo, bodi ya wakurugenzi hupanga kupitia kamati yake ya malipo. KCB iko kundi hili, maana Hazina ina takriban asilimia 20 tu. Shirika la umma linapaswa kupata ushauri wa SRC, tume ya mishahara na marupurupu, iliyoundwa chini ya kifungu cha 230 cha Katiba. Benki Kuu, CBK, haipangi mshahara wa mtu; kazi yake ni kupima kama kiongozi anafaa, kama mtaji unatosha, na kama namna ya kulipa inawasukuma watu kukopesha hovyo.

Kwa hiyo serikali ikiiokoa benki ya kibinafsi bila kuchukua sehemu kubwa ya hisa, SRC haina la kusema. Sharti lisipoandikwa kwenye makubaliano ya msaada, halipo.

Nitajuaje wanacholipwa? Mimi ni mteja tu.

Anza ukutani. Sheria ya Benki inataka kila tawi libandike mahali pa wazi, mwaka mzima, hesabu za mwisho zilizokaguliwa pamoja na majina ya maafisa wa benki. Ingia tawi lolote la barabara ya Oginga Odinga pale Kisumu au Kenyatta Avenue kule Nakuru, utaiona kwenye fremu, mara nyingi nyuma ya foleni au karibu na meza ya huduma kwa wateja, kwa herufi ndogo ndogo. Piga picha usomee nyumbani.

Kwenye sehemu ya matumizi tafuta mistari miwili: gharama za wafanyakazi, na malipo ya wakurugenzi. Weka ya mwaka huu na ya mwaka jana kando kwa kando, kisha angalia mstari wa pesa zilizotengwa kwa mikopo mibovu. Mikopo mibovu ikipanda sana huku malipo ya wakurugenzi yakipanda pia, una swali la kuuliza.

Usiishie hapo. Shuka chini kabisa, sehemu ya maelezo mengine. Kuna mstari wa mikopo ya watu wa ndani, umegawanywa: wakurugenzi, wenyehisa na washirika wao upande mmoja, wafanyakazi upande mwingine. Chini yake ni mtaji wa msingi, yaani pesa za wenyehisa wenyewe, na uwiano wake. Kiwango cha chini cha mtaji wa msingi kwa mali zenye hatari ni asilimia 10.5, cha mtaji wote asilimia 14.5, na cha ukwasi, yaani pesa zilizo tayari kutolewa, asilimia 20. Benki inayokaribia viwango hivi haina sababu ya kugawa bonasi za pesa taslimu.

Malipo kwa jina la mtu utayapata kwenye ripoti ya mwaka ya benki iliyo kwenye soko la hisa, sehemu ya ripoti ya malipo ya wakurugenzi. Hupatikana bure kwenye tovuti ya benki.

Kwa nini mnasisitiza mikopo ya watu wa ndani? Swali ni mshahara.

Kwa sababu hapa Kenya mshahara ni mlango mdogo. Mkubwa anayelipwa Sh40 milioni kwa mwaka anahitaji miaka 25 kupata bilioni moja. Mkopo mmoja kwa kampuni ya shemeji yake, usio na dhamana ya maana, huitoa bilioni hiyo kwa alasiri moja, na hauonekani kwenye mstari wa malipo hata kidogo. Sheria inaruhusu mtu mmoja wa ndani akopeshwe hadi asilimia 20 ya mtaji wa msingi, na wote kwa pamoja wasizidi asilimia 100 ya mtaji huo. Ukiitazama kwa makini, hiyo asilimia 100 tayari ni nafasi kubwa ya kutosha.

Hesabu za Chase zilizorekebishwa na kutolewa upya Aprili 2016 ndizo zilizofichua ukubwa wa mikopo hiyo; wateja waliposoma wakakimbilia pesa zao, na siku iliyofuata benki ikafungwa. Imperial ilikuwa mbaya zaidi: pesa zilikuwa zimetoka nje ya vitabu, kwa hiyo hata aliyesoma fremu ya ukutani asingeziona. Kusoma hesabu kuna mwisho wake, na mwisho wake ni uaminifu wa mkaguzi.

Naweza kuiandikia serikali kuuliza?

Unaweza, na Kiswahili kinakubaliwa. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia haki hiyo, na inagusa hata kampuni binafsi inayotumia pesa za umma. Huhitaji kusema kwa nini unataka habari.

Andika kwa mkuu wa ofisi inayohusika, kwa mfano Katibu wa Wizara katika Hazina ya Kitaifa. Taja jina lako, kitambulisho, anwani, kisha uliza kwa umahususi. Barua inayosema "naomba kujua jinsi pesa zetu zilivyotumika" itajibiwa kwa kijitabu cha matangazo. Barua inayosema "naomba nakala ya makubaliano ya msaada kati ya Hazina na benki fulani, pamoja na kifungu chochote kinachohusu malipo ya maafisa wakuu na mafao yao ya kuondoka" haina pa kukwepa. Omba hati, usiombe maoni. Hati tatu kwa barua moja zinatosha; ukiomba ishirini, utaambiwa kazi ni nyingi na muda uongezwe.

Peleka nakala mbili ukagongewe muhuri wa tarehe kwenye yako. Wana siku 21 kuamua, na wanaweza kujiongezea 14 mara moja tu. Ikiwa umeandikia ofisi isiyo yenyewe, wanapaswa kuihamisha barua ndani ya siku tano. Wakikataa, una siku 30 kuomba tume ya CAJ, ile watu huiita Ombudsman, ipitie uamuzi huo. Ina ofisi Kisumu, huna haja ya kupanda basi la usiku kwenda Nairobi.

Jibu la kawaida la kukataa ni "siri ya kibiashara". Lijibu kwa kuomba hati ile ile huku sehemu za wateja zikifunikwa. Malipo ya mkuu si siri ya mteja.

Nina hisa mia tano tu. Naweza kufanya lolote?

Ripoti ya malipo huletwa kwenye mkutano mkuu wa mwaka na kupigiwa kura. Ilani hutumwa siku 21 kabla. Siku hizi mikutano mingi hufanyika mtandaoni na unajisajili kwa simu, kwa hivyo mtu wa Bondo ana nafasi sawa na wa Westlands. Usipoweza kuhudhuria, jaza fomu ya mwakilishi na uhakikishe imefika saa 48 kabla ya mkutano, zinazochelewa hutupwa. Kura yako haitaangusha ripoti. Swali lililoandikwa na kutumwa mapema, hata hivyo, huingia kwenye rekodi, na magazeti husoma rekodi hizo.

Kwa nini jambo hili linarudi sasa?

Mtaji. Sheria iliyorekebishwa Desemba 2024 inazitaka benki zipandishe mtaji wa msingi kutoka Sh1 bilioni hadi Sh10 bilioni kufikia mwisho wa 2029, kwa hatua: bilioni 3 mwisho wa 2025, 5 mwaka 2026, 6 mwaka 2027, 8 mwaka 2028. Benki ndogo zitatafuta mnunuzi, na zile zenye mkono wa serikali zitaigeukia Hazina. Kila shilingi itakayoingia huko ni nafasi ya kuandika masharti, au ya kusahau kuyaandika.

Mumias je? Si benki.

Si benki, lakini somo ni moja. Serikali ilitia pesa, na bado KCB, iliyokuwa ikiidai, iliiweka chini ya mrasimu Septemba 2019. Mkulima aliyepeleka miwa hakuwa na dhamana yoyote mkononi, kwa hiyo alisimama nyuma ya mwenye dhamana. Mpangilio wa foleni ya madeni huamuliwa na hati, na huruma haina nafasi humo.

Benki yangu ikifungwa kesho nitapata nini?

KDIC hulipa hadi Sh500,000 kwa kila mteja kwa kila benki. Kabla ya Julai 2020 ilikuwa Sh100,000. Akaunti zako zote katika benki hiyo huunganishwa, kisha deni lako kwa benki huondolewa. Ukiwa na Sh350,000 kwenye akiba, Sh300,000 kwenye akaunti ya biashara na deni la Sh200,000, jumla ni 650,000, toa 200,000, unabaki na 450,000, na zote zinalipwa. Bila deni hilo ungelipwa 500,000, na zile 150,000 ungezingoja mali za benki ziuzwe.

Na sacco?

KDIC haikingi sacco. Sacco zinazochukua amana husimamiwa na SASRA, na viongozi wa sacco huchaguliwa na ninyi wanachama wenyewe kwenye mkutano mkuu, ambapo posho za wajumbe wa bodi huwa ajenda ya mwishomwisho, chakula kikiwa tayari kinanukia. Ombeni isogezwe juu.